Dole Gumba la Kushoto

Kama hujawahi kuona robota la nguo kuukuu likifunguliwa, usije ukadhani ni kazi ya kukata mkanda na kwenda zako. Nguo za mtaa mzima zimeshindiliwa na mashine mpaka zimekuwa kitu cha ukubwa wa kabati, zimefungwa mikanda migumu ya plastiki, na zote humo ndani zinasubiri nafasi ya kutoka. Ukikata ovyo, robota linavimba na kukurukia. Kuna mpakizi mmoja pale ghalani alipoteza meno ya mbele kwa sababu hiyo, na alikuwa amesimama pembeni tu anakula mkate. Kwa hiyo mfunguaji huliegemea robota kwa bega, mkono mmoja ukiukandamiza mkanda, na ule mwingine ndio unaoingia mfukoni, unatoa kisu, unakifungua, unakata. Kisu chenyewe lazima kiwe cha kukunja, maana wanunuzi husongamana mpaka kwenye makwapa ya wafanyakazi, na msimamizi hataki kuona makali yakitembea wazi. Mtu asiyeweza kufungua kisu cha kukunja kwa mkono mmoja hana kazi ya kufungua marobota. Abebe tu.

Mume wa fundi cherehani alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na ghalani walimwita Fyatu. Jina lilitokana na kisu. Dole gumba lake la kulia lilikuwa likigusa kile kinundu cha chuma kilichopo ubavuni mwa bapa, na kabla hujapepesa jicho kisu kimeshafyatuka na kutoa mlio, ta! Wanunuzi wakiusikia mlio ule walikuwa wakiacha soga zao na kusogea. Mkewe alipenda kumchokoza kwamba kisu anakifungua kwa madaha kuliko alivyomfungulia yeye mlango siku ya harusi.

"Mlango ule ulikuwa na kutu, Fundi," Fyatu alikuwa akijibu. Alimwita Fundi kila mahali, hata mbele ya wakwe.

Kisha kiharusi kikamjia asubuhi, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Upande wote wa kulia ukalala. Mguu ulirudi nusu, mdomo ulirudi karibu wote, mkono haukurudi. Yule dada wa mazoezi pale hospitali, mpole lakini hana maneno ya kuzunguka, alimshika ule mkono kama anayepima uzito wa samaki, akamwambia, "Huu, baba, tusiutegemee tena. Tujifunze kuishi na wa kushoto."

Fyatu alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti kilichotazamana na meza ya kupigia pasi, na hapo ndipo akabaki. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine cha kila kitu, na cherehani ikiwa chini ya dirisha. Mtu aliyekuwa akiongea mpaka usingizini sasa alikuwa akijibu kwa kichwa. Binti yao, aliyeolewa mbali, akipiga simu aliambiwa baba amelala, naye baba yuko pale macho makavu, anatazama pasi. Fundi alishona na kuongea peke yake, akaongea mpaka akajichoka mwenyewe. Aliogopa. Hakuogopa kwamba mumewe atakufa. Aliogopa kwamba ameshaondoka na kumwachia mwili wa kuogesha.

Ndipo msimamizi wa ghala alipokuja kumwona mgonjwa. Alileta machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, akasifu nyumba, akasifu machungwa yake mwenyewe. Alipoishiwa akasimama, akampiga Fyatu bega, lile lililokufa, akasema, "Mzee, usife moyo. Siku ukiweza kukifungua kile kisu kwa huo wa kushoto, njoo. Nafasi yako iko palepale."

Ni maneno ambayo mtu mzima humwambia mgonjwa akiwa anatafuta mlango. Fundi alijua ni kilemba cha ukoka, na msimamizi alijua. Fyatu peke yake ndiye aliyekivaa. Mgeni alipokwisha toka, aligeuza shingo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali akasema sentensi nzima.

"Fundi, nipe kisu changu."

Sasa, kisu kile kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Kinundu kilikuwa upande mmoja tu, na ukikishika kwa kushoto kinageukia kiganjani, unapapasa upande mtupu. Dole gumba la kushoto lilipaswa kupanda juu ya mgongo wa kisu, lishuke upande wa pili, likinase kinundu kwa ncha na kukisukuma, huku vidole vingine vimeshikilia mpini visiuachie. Fyatu hakuwahi kufanya lolote la maana kwa mkono ule maisha yake yote, zaidi ya kukandamiza mkanda na kushikia sahani. Kisu kilianguka. Fundi akaacha mshono, akakiokota. Kikaanguka tena. Akaacha mshono, akakiokota. Wakati mwingine suruali ya mteja ilikuwa imesimama katikati ya mguu, sindano imezama, naye yuko magotini chini ya kiti akitafuta kisu. Hakulalamika. Mtu wake alikuwa anatukana, na mtu anayetukana yuko hai.

Lakini matusi nayo huisha. Kisu hakikufunguka wiki ile, wala iliyofuata, wala zilizofuata. Kilifunguka robo, kikarudi. Mchana mmoja kilimtoka, kikateleza hadi chini ya cherehani, na Fundi alipoinuka kukifuata, Fyatu akasema, "Kiache."

"Nakupa tu, kiko hapa."

"Nimesema kiache. Kiache hapohapo." Akageuzia uso ukutani. Chakula cha mchana hakukigusa, na cha jioni hakukigusa, na kesho yake aliponyweshwa chai akaiacha imwagike kidevuni bila hata kujipangusa.

Mchana huo alipolala, Fundi alikitoa kisu chini ya cherehani. Alikaa nacho mapajani akakitazama kama anavyotazama mashine ya mtu iliyoletwa kutengenezwa. Pale bapa linapoungana na mpini palikuwa na skrubu ndogo. Na huyu ni mwanamke aliyeishi na skrubu ndogo maisha yake yote. Cherehani ikigoma, humgombezi mshonaji. Uzi ukikaza mno, unalegeza, unatia mafuta, unajaribu, unalegeza tena kidogo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyojua kupenda. Alichukua bisibisi ya cherehani akalegeza, kidogo sana, kiasi cha unywele. Akadondosha mafuta ya mashine kwenye kiungo, akapangusa, akakiweka juu ya mkono wa kiti.

Fyatu alipoamka alikiona. Alikiangalia kwa muda mrefu kama mtu aliyenuniwa anavyoiangalia simu. Kisha akakichukua.

Kilifika nusu.

Fundi hakuinua macho kwenye mshono, lakini mguu wake uliacha kukanyaga pedali. Alisikia pumzi ya mumewe ikibadilika.

Kuanzia siku hiyo alimgawia maendeleo kwa vipimo. Kila Fyatu alipolala mchana, Fundi alilegeza kidogo na kutia tone, wala hakuwa na pupa, kwa sababu mtu akipona ghafla hujishuku. Kuna siku alikaza makusudi, ili Fyatu apate siku mbaya na kesho yake aifurahie ile nzuri. Alikuwa na aibu kwa hilo, lakini mumewe alianza kula. Alianza kuomba chumvi. Binti alipopiga simu, baba aliipokea mwenyewe akamwuliza kama yule mume wake bado anakoroma kama pikipiki. Siku kisu kilipofunguka chote, ta!, Fyatu aliangua kilio. Fundi naye akalia, wakashikana, na huwezi kujua ni nani kati yao alikuwa na sababu kubwa zaidi.

"Umeona?" Fyatu akauliza. "Umeona dole gumba? Lilikuwa jinga lile. Nimelifundisha."

"Nimeona," Fundi akasema.

Aliona na jambo lingine. Bapa sasa lilicheza huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ndani ya mpini kulikuwa na ulimi mwembamba wa chuma, ambao kisu kikifunguka huruka na kukaa nyuma ya bapa kulizuia lisirudi. Ulimi ule sasa ulikuwa unang'aa mafuta na ulikaa upandeupande. Fundi alijua kazi ya ulimi ule; Fyatu alikuwa amemweleza zamani, walipokuwa wachumba na hana la maana la kumweleza. Akajituliza. Humu ndani anakata nini? Anafungua, anafunga. Anafungua, anafunga. Hakati hata mkate.

Angejituliza hivyo mpaka uzee wao wote, kama si wifi yake.

Dada mkubwa wa Fyatu ni mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki. Alikuja kumjulia hali kaka yake, akaonyeshwa, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoa vichwa. "Kaka yangu mzima! Wifi, unamficha ndani kwa nini?" Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alipitia ghalani, akamwaga yote na chumvi juu, kwamba Fyatu anafungua kisu vizuri kwa kushoto kuliko alivyokuwa akifungua kwa kulia. Msimamizi angesema nini mbele za watu? Akasema aje basi, tumwone.

Asubuhi iliyofuata Fundi aliamka akamkuta mumewe ameshakaa kitandani, anahangaika na vifungo vya shati la kazi. Alimfunga vifungo.

"Nipe hicho kisu nikipanguse," alimwambia.

"Kisu si kijiko, Fundi. Kiko sawa."

"Nikitazame tu."

Fyatu akampa, akicheka. Fundi akaingia chumba cha pili, akachukua bisibisi, akaiweka kwenye skrubu. Akikaza, kisu hakitafunguka. Mumewe atasimama mbele ya ghala zima, mbele ya wapakizi na wanunuzi aliowafurahisha miaka yote, atasukuma, atasukuma, na kisu kitaanguka sakafuni, na hakuna wa kukiokota ila mtu atakayemwonea huruma. Asipokaza, kitafunguka. Alisimama pale mpaka Fyatu akamwita mara mbili. Akairudisha bisibisi kwenye droo bila kuizungusha.

"Nisikilize," alimwambia njiani, kwa kuwa alikwenda naye, amemshika upande ule mbovu. "Unawaonyesha tu. Hukati kitu. Niahidi."

"Nakata nini na mkono mmoja? Nawaonyesha tu. We nawe, unaogopa kama mimi ndiye naolewa."

Ghalani walimpokea vizuri, na hilo ndilo linalouma. Walimletea kiti, akakikataa. Wanunuzi wa zamani wakamzunguka, wapakizi wakashuka kutoka juu ya marundo. Fyatu alisimama katikati, mguu wake mbovu ameutanguliza kidogo, akatia mkono wa kushoto mfukoni. Ta! Kelele iliyopigwa ilitoa vumbi kwenye mabati. Akakifunga kwenye paja, akarudia. Ta! Uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyemweleza Fundi habari za ulimi wa chuma kana kwamba ameuvumbua yeye. Fundi alipiga makofi na wenzake. Alifurahi kweli. Alisema moyoni kwamba amefanya jambo jema, tushike sasa njia ya nyumbani.

Na msimamizi, ambaye naye ni binadamu na alikuwa amenogewa na kelele, akapiga kiganja kwenye robota lililokuwa karibu. "Mzee, hili lako! Lifungue!"

Fyatu akageuka akamtazama mkewe. Alimtazama kama mtoto aliyeahidi kutogusa keki, na keki imesogezwa mbele yake na mwenye nyumba. Fundi alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Alilijua neno lenyewe, lilikuwa limeshafika kooni. Lakini ule uso, baada ya miezi ya kutazama pasi na ukuta! Alitabasamu.

Basi Fyatu akaliegemea robota kwa bega lililokufa, akalilalia kwa uzito wa mwili wote, na mkono wa kushoto ukafungua kisu, ukapitisha bapa chini ya mkanda wa kwanza, makali juu. Mkanda ukakatika. Watu wakashangilia. Akahamia wa pili. Hapa ndipo robota, likishapoteza mkanda mmoja, huvimba, na nguo za ndani husukuma chochote kilicho juu yake. Katika mkono wa zamani, na kisu kile cha zamani, ulimi wa chuma ungeshikilia. Mkanda ulikatika, nguo zikaruka, zikalisukuma bapa kwa mgongo, na bapa likarudi nyumbani kwake, ndani ya mpini, likapita kwenye vidole vinne vilivyokuwa vimefumbata.

Hakupiga kelele. Alisema, "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu.

Hospitali walishona kwa muda mrefu. Daktari alimwita Fundi ukumbini, mbali na mlango, akamweleza kwa upole kwamba kano zimekatika, wameziunga walivyoweza, na vidole vitabaki mkononi, lakini asitegemee vitakunjika tena. Pengine kidogo. Kushika kijiko, hapana. "Kwa sasa usimwambie," akasema. "Tumwache apate nafuu." Fundi akaitikia. Alikuwa anazidi kuwa hodari wa kutosema.

Watu walikuja. Msimamizi alikuja bila machungwa, akalia kabisa, akasema kosa ni lake. Wifi alikuja akasema kosa ni la jicho baya, kuna watu pale ghalani hawakupiga makofi, amewaona. Kila mtu alikuwa na kosa lake mkononi analipeleka mahali. Fundi aliwaandalia chai wote, na kila mara alipokuwa akifunga mlango nyuma yao alijiambia, sasa nitamwambia.

Jaribio la kwanza lilikuwa jioni moja kabla taa haijawashwa. Alikuwa anamlisha supu. Mikono ya Fyatu ilikuwa mapajani, mmoja umelala kama ulivyolala siku zote, mwingine umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anakula vizuri, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kama angekataa.

"Baba yake," alianza. Alimwita hivyo mara chache sana. "Kuhusu kile kisu."

"Kisu hakina kosa," Fyatu akasema.

"Nisikilize kwanza."

"Sikiliza wewe. Nimeshafikiri yote, nina kazi gani nyingine? Kisu hakina kosa, na msimamizi hana kosa. Ni mimi. Nilifumbata vidole mbele mno, kama bado natumia wa kulia. Haraka. Nilikuona unatabasamu nikavimba kichwa." Alicheka kidogo. "Lakini kilifunguka, Fundi. Mbele ya watu wote. Ulikiona kilivyofunguka?"

Fundi alikuwa ameshika kijiko hewani. Kama angemwambia, angemwondolea lile kosa, na kumwonyesha lilikokuwa siku zote, ndani ya droo ya cherehani. Angemwambia: hukuharakisha, hukufumbata vibaya, mimi ndiye. Na kwa maneno hayohayo angemwambia kwamba dole gumba lake halikujifunza kitu. Kwamba hakuna siku hata moja aliyoweza. Alitafuta njia ya kusema nusu ya kwanza bila nusu ya pili, na yeye aliyezoea kugawa kitambaa chochote hakuiona njia.

"Nilikiona," akasema.

"Basi." Fyatu akameza mate, akainua ule mkono wa bandeji kidogo, akaugeuza huku na huku, anautazama kwa macho ya mtu anayepanga kazi. "Wakishatoa hivi vitambaa tutaanza upya. Polepole safari hii. Utaniokotea, si ndiyo? Najua unachoka kuokota."

"Sichoki."

"Niliweza mara moja, Fundi. Aliyeweza mara moja, huyo anajua njia."

Nje jirani alikuwa anaanua nguo kambani na kugombana na mtu kwenye simu. Supu ilikuwa imeanza kufanya utando juu, Fundi akautoa kwa ncha ya kijiko, akaupaka pembeni mwa bakuli. Alitaka kulia lakini angeulizwa analia nini.

"Utaweza," alisema, akampelekea kijiko kingine, kwa sababu supu ilikuwa inapoa.